Asumini juu ya jarife

Mjukuu wangu Mwanaesha,

Pokea salamu za Kismayo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Babu yako goti linamsumbua, lakini msikitini bado anakwenda kwa miguu.

Umeniuliza huo ukuta mtupu wa nyumba mliyopanga Mombasa uufanyeje. Panda asumini, lakini kwenye chungu.

Kule Chovai, kisiwani kwetu, tulikuwa na ukuta kama huo, mweupe wa kuumiza macho. Nilikuwa msichana. Mama alipanda asumini chini yake, akagongomea ukutani jarife kuukuu la baba, wavu wa kuvulia papa, mmea upate pa kukwea. Mvua ya kwanza ilipopiga, majani yote yakaungua. Baba akacheka kwa lugha ya kwetu, mtu tukimwita mchu: "Mchu huyu amepanda chumvi." Jarife halikuwa limeoshwa, na mvua iliteremsha chumvi yake yote kwenye mizizi.

Mama alilitandaza jarife mvuani msimu mzima, kisha akaligongomea tena ukutani, akapanda upya, safari hii kwenye mtungi uliovunjika shingo. Baadaye majirani walikuwa wakija jioni kuchuma maua ya kutia nyweleni.

Siku tuliyohama tuliacha nyumba, na jarife likiwa ukutani. Mtungi mama aliupakata mashuani, na ndio huo ulioko mlangoni kwangu leo.

Mjomba wako anakuletea kijiti nilichokata hapo, nimekizungushia kitambaa chenye maji. Usikipande ardhini. Ukuta ni wa mwenye nyumba, mwanangu. Chungu ni chako.

Bibi yako