Mujomba Ananiombea Nafasi kwa Profesa

Elisabethville, tarehe 12 janvier 1958

Mujomba Barthélemy,

Jambo yako. Miguu yako inaendelea aje? Na Godelive, binti yako, masomo yake ya kushona iko inaenda? Mi niko muzima, ni mvua tu inatupiga.

Nina neno moja. Hapa université, profesa wetu wa barabara na bilalo, madaraja, anafungua kikundi ya uchunguzi. Batapima namna udongo ya mulima inateleza, bajue pahali pa kupitisha barabara. Anatafuta banafunzi bane. Batatu bamekwisha kuingia. Nafasi moja imebakia, na tuko batu saba tunaiomba. Nikiipata, nitafanya kazi kwa milima yetu ya Kivu. Nikikosa, nitamaliza masomo nikichora garage ya bazungu.

Banaomba karatasi ya mwenendo muzuri, yenye muhuri ya bureau ya kwetu. Tafazali uichukue, unitumie mi. Hiyo tu, mujomba. Hiyo tu.

Mupwa wako,
Lucien


Kadutu, Bukavu, tarehe 3 février 1958

Lucien, mupwa yangu,

Jambo, na jambo tena, na ya tatu ni ya mama yako Adolphine, anakusalimia toka Walungu. Unauliza miguu yangu? Jana nimepanda mulima yote ya Kadutu bila kupumua hata mara moja. Godelive anacheka. Yeye njo anaandika, mi nasema, maana masomo yangu iliishia kwa mulango ya kanisa. Andika vile nasema, Godelive, usipunguze.

Karatasi nimeipata. Karani alisema nirudie kesho. Nikamuambia: "Weye kijana, mi nimetengeneza barabara ya Ngomo na hii mikono. Siku moja mulima ikaanza kushuka, batu makumi tano bakakimbia. Mi nikaweka mugongo, nikaizuia mpaka saa sita, bakaniletea chakula pale pale." Akapiga muhuri mbili.

Lakini unanishangaza, na masomo yako yote. Kijana anajiombeaka yeye mwenyewe? Siku ya kuomba bibi ya kuoa, kijana ananyamaza, bakubwa njo banasema. Basi karatasi sikuitume kwako. Nimeituma kwa profesa, na barua yangu ndani.

Na nimesema na adabu. Unajua kwetu: ukienda kuomba, hausifu mwana yako. Unamushusha, na benye nyumba njo batamuinua. Nimesema: "Profesa, tuko na kijana moja haina maana. Ni muvivu. Anakula kama batu batatu. Kitu akishika, inavunjika. Hesabu njo hajue kabisa. Umuonee huruma." Halafu kidogo juu yangu, na ya Ngomo, apate kujua unatoka nyumba gani. Kurasa ine.

Tayarisha nguo ya kuingia.

Mujomba wako,
Barthélemy

(Lucien, ni mi Godelive. Nilimuambia aache ile ya hesabu. Akasema mi ni mutoto, sijaombeaka mutu bibi.)


Elisabethville, tarehe 21 février 1958

Mujomba,

Jambo. Leo siulize juu ya miguu. Najua iko na nguvu, imekwisha kunikanyaga.

Umeambia profesa kama sijue hesabu! Mujomba, mi naomba kazi ya kupima! Bazungu hawana ile desturi. Kwao mutu akiomba nafasi anajisifu mpaka jasho inamutoka. Wale wenzangu sita, barua yao inasema ni bamalaika. Yangu inasema navunja vitu. Jana profesa alinipita kwa ngazi, akaniangalia mikono.

Ameniita tarehe 28, mbele ya kamati. Tafazali, usimuandikie tena. Hata ya kuomba musamaha. Zaidi sana ile ya kuomba musamaha.

Mupwa wako mwenye hasira,
Lucien


Kadutu, tarehe 8 mars 1958

Lucien,

Jambo ya polepole. Huku batu bote bazima. Mi kidogo.

Umesema nisiandikie profesa. Haukusema nisikuandikie weye. Godelive amenisomea barua yako, halafu akaniangalia vile mama yake aliniangaliaka siku niliuza kitanda.

Tarehe 28 imepita, na hakuna kitu. Kila siku naenda kwa poste. Karani wa dirishani amekwisha kunizoea, akiniona anatikisa kichwa hata sijafika. Jirani Firmin anauliza: "Mwana yenu ameingia?" Namujibu kama université bado inajitayarisha.

Kama bamekukataa, rudia kwetu usiogope. Mi mwenyewe nitaeleza Kadutu yote kama ni profesa njo hakufaa.

Mujomba wako,
Barthélemy


Elisabethville, tarehe 15 mars 1958

Mujomba yangu,

Jambo sana sana. Na miguu? Safari hii nauliza na moyo safi.

Niliingia saa tatu ya asubui. Bazungu bane kwa meza. Profesa katikati, na kwa mwisho ya meza injeniere moja muzee, macho imefungwa, nikazani analala. Profesa akatoa barua yako. Akasema: "Hii ni kiswahili, mi sijui. Lucien, tutafsirie."

Nikaipokea. Nani angejua? "Muvivu" ningeiita "mutulivu". "Hajue hesabu" ningesema "anapenda hesabu kuliko chakula". Nilisoma kwanza kimya, nikafikiri, nikaona garage zote za Elisabethville zinaningojea. Halafu nikatafsiri vile iko. Yote. Kufika pa hesabu nikakunywa maji, nikaendelea. Kufika pa mugongo yako na mulima, moja wao akaangusha kalamu kwa kucheka.

Profesa akauliza: "Sababu gani haukuruka maneno mabaya?"

Nikajibu: "Barua ni ya mujomba. Nikigeuza maneno yake leo, kesho nitageuza namba ya mulima, na barabara itaanguka na batu."

Pale yule muzee akafungua macho. Akasema, kiswahili ya kwetu kabisa: "Mi nimefanya miaka kumi na ine Bukavu, kijana. Hii barua nilimusomea profesa siku ile ilifika. Na ile desturi naijua. Hata mi nilishushaka mutoto ya mupishi yangu, tukamupatia bibi muzuri sana."

Mujomba, jana bametangaza: nafasi ni yangu!

Lakini kuna neno. Mu juin kikundi inakuya Kivu, tunaanzia Ngomo. Na profesa anaomba umuonyeshe pahali uliweka mugongo.

Mupwa wako,
Lucien


Kadutu, tarehe 2 avril 1958

Lucien, injeniere yangu,

Jambo, jambo, jambo! Godelive amesoma barua yako mara tatu, mama yako amekuya toka Walungu na mikono juu, anaimba mu njia. Kadutu yote inajua kama ni mi nimekuingiza mule. Na ni kweli: ningekusifu, bangekupatia nini ya kutafsiri?

Juu ya Ngomo. Eh. Ambia profesa kama ile mugongo ilikuwa ya zamani, hii ya leo ni ingine. Lakini pahali nitamuonyesha. Kusema kweli nilikuwa mbali kidogo. Nilikuwa mbele ya bale makumi tano. Sasa mutu mwenye kukimbia mbele, akigeuka, yeye njo anaonaka muzuri: udongo ilipasuka juu kwanza, halafu chini ikatoka maji. Hiyo niliiona na macho yangu. Andika hiyo mu vitabu yenu.

Sasa bamekupokea, desturi inanifungua kinywa. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nimejenga ukuta nyuma ya nyumba. Ukafunga jiwe kwa kamba, ukaishusha, ukaangalia, ukasema mbele ya bajirani bote: "Mujomba, hii ukuta inalala, mvua itaiangusha." Nikakupiga makofi mbili sababu niliona haya. Siku ya ine ikaanguka. Nikaambia batu kama ni ng'ombe ya jirani yetu Edouard iliisukuma, na mpaka leo banasema vile.

Edouard hajakuwaka na ng'ombe hata moja. Ulipima muzuri, mutoto yangu.

Mujomba wako,
Barthélemy