Chupa ya Mama Marek

Vårby gård, Stockholm
Tarehe 17 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Urbain,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Na Wifi Godelieve, sukari yake imeshuka? Sisi ni wazima wa mwili. Moyo ndio unaouma, na wewe ndiye uliyeuumiza.

Siku ya posa ya Précieuse wangu tulikuweka kwenye simu, juu ya kabati, mahali pa heshima, kwa sababu baba yake hayupo na wewe ndiye baba. Marek alikuja na mama yake, Danuta, aliyepanda meli kutoka Poland. Alileta mkate, chumvi na chupa ya vodka, maana kwao ndivyo familia zinavyopokeana. Wewe ukaona chupa tu. "Si niliwaambia? Wapolandi walevi na wezi! Mtoto wetu haendi huko!" Ukakata simu. Kiswahili hawajui, lakini sauti ile haihitaji mkalimani. Danuta akairudisha chupa kwenye mfuko taratibu, uso umemwiva.

Najua ulikoyatoa. Ni kwa Arsène, Mkongo mwenzetu wa Rissne hapa Stockholm, aliyefanya kazi ya ujenzi na Wapolandi, naye aliyaokota kwa Waswidi pale pale kazini. Sikufichi, walevi wapo. Wanaume wanaacha wake zao mbali, wanalala wengi chumba kimoja, Jumamosi wanakunywa mpaka wanaanguka, na anayepita anasema hao ndio Wapolandi. Baba yake Marek pombe ilimuua. Marek haigusi kabisa. Na Danuta, mjane wa mlevi, alibeba chupa ile ili asitukosee heshima. Ukamtukana!

Halafu kaka, hebu tuambizane ukweli. Kwenye posa yangu hapo Bukavu, baba alikataa kufungua mdomo mpaka kasiksi iletwe. Bila pombe ile ya ndizi, hakuna mazungumzo. Nani aliionja wa kwanza kwa niaba ya ukoo? Si wewe? Uliokoka baadaye, sawa, Mungu asifiwe, lakini ulisahau lini?

Mimi nikikaa kwenye treni ya kwenda kazini Flemingsberg, mama wa Kiswidi anavuta mkoba wake. Naye ana Arsène wake, aliyemsimulia habari za Wakongo.

Harusi ni tarehe 7 Desemba. Précieuse alilia sana, sasa halii tena, na hilo ndilo linalonitisha. Hataki hata nikutaje. Maneno ya kumtoa binti yalikuwa yako, kaka. Nitayasema mimi, mwanamke, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuliona. Danuta anajifunza jibu kwa Kiswahili: "Tumempokea, ni mtoto wetu." Anakosea, anarudia.

Nisalimie Wifi, Israël na mama mdogo Josephine.

Mungu akupe wewe baraka zile ulizomnyima mtoto wangu.

Dada yako akupendaye bado, ndiyo maana ana hasira hivi,
Hortense