Shemeji na Marobota ya Kaki

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mapacha. Mgongo umepoa? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika.

Tangu kiwanda chetu cha sare kihamie huku nje ya mji, nyuma ya machimbo ya kokoto, kazi yangu ya utumishi imegeuka. Kule mjini nilipanga likizo na kuamua ugomvi wa nani kafungua dirisha. Huku kila kesi ni barabara. Basi linaishia njia panda. Kutoka hapo ni jua, vumbi na mguu wako. Washonaji wanafika hoi kabla hawajagusa cherehani. Meneja akaniagiza niwape onyo wachelewaji, kisha niajiri majirani. Nikamwambia majirani zetu ni mawe. Hakucheka.

Asubuhi moja niliwahi, nikaingia stoo, nikamkuta mkata vitambaa wetu anakunja shuka juu ya marobota ya kaki. Ndiye asiyechelewa kamwe, ndiye ambaye meneja humtolea mfano kwa wenzake. Kumbe analala mle mle! Na kulala kiwandani ni kufukuzwa, hakuna mjadala.

Sikumtaja. Nilimwomba meneja aache gari lake njia panda tutembee wote. Alianza kwa maringo, akafika kiwandani viatu viko mkononi. Alikunywa maji, akaniuliza kama wanawake wenye mimba nao wanapita njia ile. Nikamwambia kila siku. Basi, saa ya kuingia imesogezwa mbele, na kampuni imekodi basi la kutuchukua mjini na kuturudisha. Maonyo yote yamefutwa.

Sasa kaa chini, dada. Huyo mkata vitambaa ni mumeo.

Najua umeambiwa ana mwanamke huku, ndiyo maana anarudi Jumamosi tu. Najua umeshamfungia nguo zake. Hana mtu, dada. Aliogopa kazi isimponyoke, akaona aibu kukwambia analala stoo kama mzigo. Alinisihi, "Shemeji, dada yako asijue." Nikamwahidi. Lakini ulivyoandika kwamba umechoka naye, nimeshindwa kunyamaza.

Basi linaanza Jumatatu. Jioni atabisha hodi. Mfungulie, umpe maji ya kuoga, na umwache aseme mwenyewe.

Wabusu mapacha kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Kitinda mimba wenu