Baba wa Sura ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepita dukani kuulizia riwaya yangu. Mwenye duka hakuniangalia usoni — dalili mbaya. Tangu mwaka uanze wamenunua wawili. Sikumwambia kwamba mmoja wao ni mimi, nilikuja siku ambayo hakuwepo. Nakala zilizobaki kazihamishia rafu ya chini, katikati ya vitabu vya mapishi na vya ufugaji wa kuku. Akasema vya kuku vinakwenda sana. Nadhani alikuwa ananipa wazo.

Jioni dada akapiga. Swali lake lile lile: hivi hivyo vitabu vinalipa kweli, mdogo wangu? Nikasema vinalipa, ila polepole. Akasema kasikia ile ofisi ya bima niliyoacha kazi bado wananitaka. Kasikia wapi, na yeye anaishi mwendo wa siku nzima kwa basi? Dada ananipenda, ila ananipenda kama mtu anavyompenda mgonjwa. Alipokata simu nikawasha redio, nisikie tu mtu akiongea humu ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi! Mzee mmoja anayeuza mabati, maduka matano, kila mtu anamwita Mzee wa Mabati na yeye mwenyewe anajiita hivyo. Anafikisha miaka sitini, anataka kitabu cha maisha yake. Jina langu halitaonekana popote. Akaniambia fundi aliyemjengea nyumba naye hakuandika jina ukutani. Nikacheka shingo upande. Kisha akataja malipo, na kicheko kikanyooka chenyewe. Nusu sasa, nusu nikimaliza.

Riwaya yangu miaka mitatu haijanipa hata robo ya hiyo nusu.

Dada nimemwambia nimepata kazi ya kuandika. Sikumwambia ya nani. Naona haya kidogo.

Jumatano, 30 Aprili

Kikao cha sita ofisini kwake. Nyuma ya ukuta wanakata mabati, kwa hiyo kwenye kinasa sauti kila sentensi yake ina kelele zake. Biashara anaisimulia vizuri: jinsi alivyoanza na toroli, jinsi alivyotapeliwa na mshirika wake, jinsi alivyokula hasara na kuinuka. Nikimuuliza kuhusu baba yake, anakuwa bubu. Leo nimembana. Akasema baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi yeye akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Mama yake hakumtaja tena mpaka alipofariki. Picha hana. Jina analo tu, la kwenye cheti.

Sura ya kwanza, kuzaliwa. Sura ya tatu, toroli. Sura ya pili — hakuna kitu. Akasema niijaze nitakavyoona mimi, wasomaji wanapenda kujua mtu ametoka kwa nani.

Jumapili, 11 Mei

Nimeandika tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili. Nilitaka kumpa mfano tu, aone sura kama hiyo inaweza kukaaje, kisha yeye anieleze ya kwake, hata ya mjomba. Nikakosa mfano wa karibu. Nikamweka baba yangu.

Sijui nilikuwa nimemfungia wapi. Ameteremka mzima mzima! Baba na makopo yake ya rangi, ngazi begani, akiandika majina ya maduka ukutani kwa mkono mtupu, bila rula. Na ule ujanja wake: alikuwa anaacha herufi ya mwisho. Saluni inabaki SALUN, duka la viatu linabaki VIAT, watu wanapita wanacheka, na mwenye duka anakuja mbio kulipa. Akishalipwa, baba anapanda ngazi taratibu, anamalizia, anashuka. Kila Jumapili alinishika mkono tukazunguka mitaani nimsomee maandishi yake kwa sauti. Ndivyo nilivyojifunza kusoma. Nikikosea hakunisahihisha, alisimama tu palepale mpaka nipate.

Kurasa kumi na moja. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa MFANO TU, BADILISHA. Nilipomaliza nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikatafuta wa kumsomea. Nilishika simu nimpigie dada. Nikaiweka. Baba hatumzungumzii, mimi naye, tangu mazishi. Miaka minane sasa. Siku ile niliuliza kuhusu saa zake za mwisho, akasema nisimuulize kamwe, na mimi ni mtiifu.

Jumanne, 20 Mei

Mzee wa Mabati kapiga, sauti imekauka. Sura ya pili nisiguse hata nukta. Nikamkumbusha ni mfano. Akasema anajua, ila nimemtungia baba mzuri, na mama yake hayupo, nani atakuja kubisha?

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Niliwaza nusu ya pili ya malipo, kodi ya nyumba, ofisi ya bima. Nikasema sawa, mzee.

Sijala.

Jumamosi, 2 Agosti

Uzinduzi. Ukumbi umejaa, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe. Nilikaa safu ya nyuma karibu na feni. Akasoma sura ya pili mwenyewe. Alipofika kwenye kile kisa cha Jumapili, cha kushikwa mkono, sauti ikamkatika na watu wakampigia makofi ili ajikaze. Mama aliyekaa kando yangu akafuta macho, akaniambia baba wa namna ile siku hizi hapatikani. Nikamjibu kweli, hapatikani.

Nilitaka kusimama. Niseme nini? Kwamba yule ni wangu, mnirudishie? Vitabu viliisha mezani kabla ya chai. Nilipanga foleni na mimi, nikapata cha mwisho mwisho. Akaniandikia: Soma upate moyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi jibu limepatikana: vitabu vinalipa. Kodi nimelipa mpaka mwakani, nimebadilisha na jiko. Leo kapiga mwenye mabasi, naye anataka kitabu. Sharti lake moja: awe na baba kama yule wa Mzee wa Mabati. Nikamwambia kama yule wameisha. Akadhani natania.

Jiko jipya linapika haraka, tatizo ni sufuria. Bado napika kwa kukadiria watu wengi, na mlaji ni mimi.

Dada hajapiga tangu mwezi uliopita.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee wa Mabati, asubuhi. Wanachapa mara ya pili. Anasema wasomaji wanamuuliza kila mahali: yule baba aliishia wapi? Kitabu kinamwacha yuko kwenye ngazi tu. Anataka kurasa nne zaidi. Akauliza kwa sauti ya mtu anayechagua rangi ya bati: "Sasa mwandishi wangu, alikufaje?"

Miaka minane hakuna aliyeniuliza. Ofisini walinipa pole na siku tatu za likizo, basi. Wa kwanza kuniuliza ni mtu anayedhani nimemtunga, na nilitamani sana kumjibu. Nikasema nitampigia.

Ningeweza kubuni. Ndiyo kazi yangu. Nimejaribu tangu saa nne: kitandani, amelala, usingizini. Nimefuta. Hospitali, dirisha wazi. Nimefuta. Sijui! Nilifika ameshafunikwa. Aliyekuwa naye ni dada peke yake.

Nimempigia. Tukasalimiana, nikauliza hali ya wanawe, mguu wake, mvua. Halafu nikasema, dada, nataka kujua baba alikufaje. Alisema nini. Kama alisema.

Nikasikia anafunga mlango, anakaa.

"Unauliza wewe," akasema, "au anauliza yule wa mabati?"

Kumbe kitabu kimefika huko. Kumbe amesoma.

Nimeweka simu hapa mezani, spika iko wazi, naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Hajakata. Namsikia anapumua. Anasubiri niseme ni nani anayeuliza, na mimi naweka kalamu chini nimjibu.