Viwavi katika Mabiringanya ya Mama

Kolwezi, mtaa wa Kanina
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa Tantine Mujinga,

Nakusalimu kwa upendo. Hapa sote tu wazima. Hata kifua cha Mama kimetulia, ingawa vumbi la malori limeanza. Je, huko Sandoa goti lako linakuruhusu kwenda shambani?

Ulisikia kwamba Papa alitaka kuwapa wachimbaji shamba la Mama. Mwezi wa tatu viwavi waliingia katika mabiringanya: vichipukizi vilinyauka na karibu kila tunda lilikuwa na tundu. Papa akasema mavuno yajayo nayo yakiharibika, shimo la kobalti litafunguliwa hapo. Mimi nikaomba msimu mmoja, bila dawa ya chupa, kwa sababu kisima chetu kiko hatua kumi kutoka kwenye matuta.

Kila asubuhi nilikata vichipukizi vilivyonyauka, maana kiwavi hujificha ndani ya shina. Papa alipita akaniuliza, "Weye ni fundi wa shamba ao wa nywele?"

Kosa langu lilikuwa la mtu wa Kolwezi. Vichipukizi nilivitia katika magunia ya madini, ambayo hayakosekani hapa nyumbani, nikayapanga pembeni mwa shamba. Magunia yale hushika mawe tu. Viwavi walikomaa humo, wakageuka vipepeo, wakapenya kati ya nyuzi na kurudi kutaga mayai. Jirani yetu, Mama Numbi, alichungulia juu ya ukuta: "Batu bengine banafuga bakuku, weye unafuga badudu." Nilicheka naye, kisha nikaenda kuyakagua magunia. Nilijiuliza kama ninatetea shamba la Mama au kiburi changu.

Nikachukua mfuko mweusi wa plastiki, nikatia humo vichipukizi na matunda yenye matundu, nikaufunga kabisa na kuuacha juani mpaka kila kilichomo kife. Wiki kwa wiki vipepeo walipungua.

Jana wachimbaji walikuja na sururu. Papa akachuma mabiringanya, akayapasua kwa kisu mbele yao. La kwanza safi. La pili lilikuwa na kiwavi, nikaangalia pembeni. Akaendelea hadi la kumi na mbili, na hakuona mwingine. Akamwambia mkubwa wao, "Tata, mutafute fasi ingine. Hapa mama ya batoto analima."

Mama aliokota vipande vyote, akavipika.

Nisalimie kaka Glodi na nyanya Tshilombo. Mungu aibariki mikono yako na udongo unaoushika.

Mtoto wako akupendaye,
Naomie Ngeleka