Herufi Moja ya Tangawizi

Jumatatu, 3 Machi
Nimesaga majani tangu asubuhi. Tangawizi ni kumi na mbili, kutoka Mamba kule milimani: sita za njano nilishazituma wiki iliyopita, leo ni zile sita nzima. Umeme umekatika mara mbili. Joto, na vumbi la Same mpaka kwenye meza ya maabara. Majibu ya DNA ya zile za njano yamerudi kutoka Dar. Nitayasoma kesho.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipata kosa. Jeni moja ya kloroplasti, sehemu ya seli inayolipa jani ukijani, ni mbovu. Ilipaswa kuanza na ATG, herufi tatu zinazoiambia seli "anzia hapa". Hii inaanza na ACG. Bila mwanzo, hakuna protini. Ndiyo maana majani ni ya njano.
Nilifurahi mno. Sikumngoja mkuu wangu wa maabara, yuko safarini. Nikampigia Mzee Eliakimu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kule Mamba, nikamwambia mbegu yao ina kasoro ya kurithi.
Akauliza, "Sasa mwanangu, tuichome?"
Nikasema ndiyo, ni salama zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu ya mimea mizima. ACG. Yote sita.
Mmea hauwezi kuwa na jeni iliyokufa halafu ukastawi vile. Ama nimechanganya sampuli, ama sielewi ninachokiona. Sijampigia mzee. Naogopa sauti yake.
Jioni ameniandikia yeye. Wanakutana Jumapili baada ya ibada, Jumatatu wanachoma mbegu yote.
Sikujibu. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempata mkuu kwenye simu. Nilimweleza huku nalia. Aliuliza kitu kimoja: "Umesoma DNA peke yake?" Ndiyo. "Kwenye kloroplasti DNA haimalizi maneno. Kasome uhariri wa RNA. Ila kwanza wapigie watu wa Mamba."
Nimepiga mara kumi na moja. Mzee hapatikani. Mvua imeangusha mtandao kule juu.
Nimesoma mpaka macho yamevimba. DNA hutolewa nakala, ndiyo RNA, na ndani yake U inashika nafasi ya T. Kumbe nakala ile hurekebishwa kabla ya kusomwa. Zipo protini ambazo maagizo yake yako kwenye kiini cha seli. Hutengenezwa nje, kisha huingia ndani ya kloroplasti. Kila moja ina mahali pake. Inatambua herufi chache, inajishikiza hapo, na C iliyo jirani inanyofolewa kikundi cha amino, kipande kidogo chenye nitrojeni. Inageuka U. Hakuna herufi iliyokatwa, hakuna iliyoongezwa. ACG inakuwa AUG. Anzia hapa.
DNA inabaki vilevile, kizazi hadi kizazi, na mmea unaishi. Protini hiyo ikikosekana ndipo jani hupauka.
Nilichokiita ugonjwa huenda ndiyo hali ya kila tangawizi duniani. Huenda. Sijapima RNA. Jumapili nitasimama mbele ya watu na "huenda".

Jumapili, 9 Machi
Nimepanda Mamba kwa gari la kwanza.
Wakulima walikuwa nje ya kanisa. Nilisema moja kwa moja: nilikosea, tangawizi nzima nazo zina herufi ileile, msichome. Mwanamume mmoja akauliza, "Juzi tuchome, leo tusichome. Kesho je?" Hakuna aliyecheka. Mzee Eliakimu alitazama chini.
Kisha akasimama Bibi Nakunda, mjane, shamba lake liko chini ya barabara. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Mimi nimeshachoma Ijumaa. Niliambiwa ni wewe umesema."
"Ni mimi, bibi. Nisamehe."
"Na haikuwa mbovu?"
"Haikuwa."
Akakaa. Angenitukana ningepumua.

Jumatatu, 24 Machi
Majibu ya RNA. Mkuu alisimama nyuma yangu nikifungua. Palipokuwa na C, sasa T. Ndivyo mashine inavyoandika U. Yote kumi na mbili. Hata zile za njano. Kumbe umanjano hautoki hapo kabisa. Labda udongo unatuamisha maji, labda kuna kitu kingine. Kwenye ripoti nimeandika: sababu haijulikani. Mkono ulikuwa mzito. Sikuyafuta maneno hayo.

Jumamosi, 29 Machi
Nimeshinda kutwa Mamba. Wanakikundi hawakuchoma, na wamemchangia Bibi Nakunda mbegu, kila mmoja vipande kadhaa. Nilimwomba nimsaidie, akanionyesha jembe. Ukungu ulikaa mpaka saa tano. Tumepanda matuta manne. Hakuzungumzia moto, nami sikuthubutu. Mchana alinipa makande. Nilipokuwa naondoka aliniuliza kama kweli jani linajisahihisha lenyewe. Nikamwambia kweli. Akasema, "Haya," akarudi kufukia tuta.