Kamera ya sebuleni imenishauri

Shoga, acha kila kitu usome hii. Kamera imenisemesha!

Ile kamera ya mtandaoni aliyoinunua mume wangu ili tumwone mtoto tukiwa kazini. Si unajua mama mkwe anataka kuhamia kwetu? Basi niko sebuleni peke yangu, nafanya mazoezi ya kumkatalia. Nasimama huku naongea kama mimi, naruka kule najibu kama yeye, mpaka ile sauti yake ya puani naiiga.

Mara kamera ikakohoa.

IMEKOHOA, shoga!

Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikasema, "Samahani dada, ile ya juzi ilikuwa na heshima zaidi."

Ya JUZI!!

Nikauliza, "Wewe nani?"

"Mpita njia tu. Namba ya siri ya kamera yenu bado ni ileile ya kiwandani, iliyoandikwa kwenye boksi. Badilisheni."

Nimechomoa waya, na kamera nimeivisha soksi. Mume wangu karudi, anauliza soksi ya nini.

Nikimwambia kamera ilisema nini, ataniuliza mimi nilikuwa nasema nini.

Sasa hivi anaoga. Nitungie uongo kabla hajafunga maji.